Stara na heshima kati ya mwanaume na mwanamke: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya maswali nayapata sana, darasani kwa kina dada, wasap, hata harusini mtu anakuvuta pembeni na sahani ya biriani mkononi anakuuliza. Nimeyaweka pamoja ili nisiwe narudia kila siku. Mimi sio mufti, mambo ya fatwa muulize sheikh wako wa msikitini, hapa najibu yaliyo wazi, na pale masheikh walipotofautiana ntasema wametofautiana, basi.

Stara si ni hijabu tu? Mbona unaanza na wanaume?

Sijaanza mimi, imeanza Qur'ani. Fungua Suratun Nur, aya ya 30, wanaoambiwa kwanza ni waumini wanaume, wainamishe macho yao na walinde tupu zao. Aya ya 31 ndo inakuja kwa wanawake, nao wanaambiwa hayohayo ya macho na tupu kisha ndo inaongezwa habari ya mapambo na shungi zishuke mpaka kifuani. Sasa huku kwetu aya ya 31 utaisikia kila Ijumaa, kwenye mawaidha ya harusi, kwenye klipu za dakika moja, lakini ile ya 30 inapitwa kama haipo. Mtoto wa kike anafundishwa kujifunika toka ana miaka saba, kaka yake anafika miaka ishirini hajawahi kukalishwa chini hata siku moja akaambiwa macho yako nayo yana hukumu. Alafu tunashangaa.

Haya, mwanaume stara yake ni nini hasa?

Kwenye mavazi, rai ya wanazuoni wengi, na huku pwani tunaofuata madhehebu ya Shafii ndo tulivyofundishwa, ni kati ya kitovu na magoti. Kwahiyo kile kibukta cha mpira kinachopanda mpaka nusu ya paja ukikaa, na ile jinzi inayoshuka ukirukuu watu wa safu ya nyuma wakaona wasiyotaka kuona, hiyo nayo ni kukosa stara, ila haina mtu wa kuisemea. Ukimwambia kijana anakujibu "mi mwanaume bwana". Ndiyo, na aya iliteremka kwa ajili yako.

Lakini nguo kwa mwanaume ndo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye jicho na ulimi. Mtume mwenyewe s.a.w. kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari amesifiwa kwamba alikuwa na haya kuliko msichana mwali aliye ndani kwao, na huyo ni mtu aliyeongoza majeshi na kuhukumu kesi. Kwahiyo yule anayesema haya ni mambo ya kike sijui anamfuata nani.

Ile kauli kwamba mtazamo wa kwanza ni halali, mtu akaangalia bila kupepesa ili usiishe, ikoje?

Hahaha, hii nimeisikia mara nyingi na wanaume wanaicheka kweli. Hadithi yenyewe Ali aliambiwa na Mtume, usifuatishe jicho kwa jicho, la kwanza ni lako na la pili si lako. La kwanza ni lile lililokutokea, umekata kona umekutana na mtu. Na Jarir bin Abdillah aliuliza hasa habari ya jicho la ghafla, imo kwenye kitabu cha hadithi cha Muslim, akaambiwa geuza macho yako. Sasa mtu anayekodoa dakika nzima hajaangalia mara moja, anajidanganya.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana nikifundisha wavulana. Ni katika Hijja ya kuaga, Al-Fadhl mtoto wa Abbas, kijana mzuri wa sura, amepanda nyuma ya Mtume kwenye mnyama mmoja. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am anauliza swali, baba yake ni mzee sana hawezi kukaa juu ya kipando, je amhijie? Al-Fadhl akawa anamtazama yule mwanamke na mwanamke naye anamtazama. Mtume akafanya nini? Akamshika Al-Fadhl uso akaugeuzia upande mwengine. Mwanamke akamaliza swali lake akajibiwa, ndiyo, mhijie. Hakufukuzwa, hakuambiwa rudi ukajifunike vizuri ndo uje uulize. Kilichogeuzwa ni uso wa kijana. Ukielewa hapo umeelewa mengi.

Sisi tunakaa barazani tu tunapiga stori, hatumgusi mtu. Kuna ubaya?

Hapa nitakaa kidogo maana naona ndo penyewe.

Baraza ni uhai wa miji yetu, Lamu, Mji wa Kale Mombasa, Mji Mkongwe Unguja, Tanga, Bagamoyo. Watu wanakunywa kahawa, wanacheza bao na dhumna, habari za msiba na za mpira zote zinapatikana hapo. Bara mnaita kijiwe, ni yaleyale. Nyumba za zamani za pwani zimejengwa na baraza nje makusudi, mgeni wa kiume apate pa kukaa bila kuingia ndani walipo wanawake, yaani baraza lenyewe limewekwa kwa ajili ya stara! Sasa likigeuka kuwa sehemu ya kumvua mtu nguo kwa macho hapo limegeuzwa kazi yake.

Na hadithi ipo mahsusi, Abu Said Al-Khudri kaipokea, Bukhari na Muslim wote wanayo. Mtume aliwaambia masahaba waache kukaa njiani. Wakasema hatuna budi, ndo vikao vyetu tunapozungumza. (Utadhani unawasikia wazee wa Forodhani.) Akawaambia basi kama hamna budi ipeni njia haki yake. Haki gani? Kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Jicho limetajwa la kwanza.

Sasa angalia inavyokuwa. Uchochoro ni mwembamba, upana wa watu wawili, baraza huku na baraza kule, wanaume sita saba. Msichana anatoka dukani na mkate wa ajemi kwenye mfuko na hana njia nyengine. Kabla hajafika mazungumzo yanakatika. Ule ukimya. Yeye anausikia, anavuta mtandio ambao hata haujaanguka, anaharakisha. Akishapita hatua tatu anasikia mtu kasema kitu chini chini na wenzake wamecheka. Hakuguswa, sawa, hakutukanwa, sawa, lakini kesho atamtuma mdogo wake wa kiume au ataacha kwenda kabisa. Hayo ndo maudhi yaliyokatazwa.

Baraza lenye adabu nalo lipo na nimelelewa karibu nalo. Mwanamke akikaribia wanaume wanavuta miguu ndani apate njia, mazungumzo yanaendelea kama kawaida, mmoja anaangalia kete za bao, akitoa salamu anaitikiwa, "kwema?" "kwema", amepita. Na kijana akitaka kuleta ujinga mzee anamkata hapohapo, "we, yule binti wa fulani, chunga mdomo". Ingawa hata hiyo kauli mi naona ina kasoro kidogo, kwani asiyejulikana binti wa nani je?

Lakini mwanamke akivaa nguo za kubana si ndo anajitakia? Akisumbuliwa kosa la nani?

La anayesumbua. Naandika hivi kwa ufupi kwanza maana watu huwa wanasoma mstari mmoja.

Sasa kwa urefu. Mwanamke asipojistiri hilo ni baina yake na Mola wake, anaweza kunasihiwa na mama yake, dada yake, somo yake, kwa upole. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumshika, kumpigia miluzi, wala kumtukana. Aya ya 30 haina masharti, haikusema wainamishe macho yao ikiwa yeye amevaa vizuri. Tena sura hiyohiyo, aya ya 4, anayemzushia mwanamke msafi habari ya zinaa asilete mashahidi wanne ni viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Sasa we unakaa kijiweni unasema "yule malaya tu angalia alivyovaa", unajua unacheza na nini?

Na wanaosumbuliwa sio wasiovaa tu. Muulize mwanamke yeyote mwenye baibui jeusi mpaka chini anayepanda daladala asubuhi, konda anavyompitishia mkono mgongoni "sogea mama sogea" huku gari lina nafasi. Nguo haijawahi kumzuia mtu asiye na haya.

Mnakumbuka Nairobi Novemba 2014, wanawake wanavuliwa nguo na makundi ya wanaume kwenye stendi za matatu eti wamevaa vibaya? Watu waliandamana, na mwaka huohuo Kenya ikaweka kwenye sheria kwamba kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jela, kuanzia miaka kumi. Fikiria, unadai unatetea stara kwa kumvua mtu nguo barabarani! Tanzania nayo toka ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 udhalilishaji wa kijinsia ni kosa, na sio kushika peke yake, hata maneno na ishara vimo.

Inaruhusiwa kuongea na mwanaume au mwanamke asiye maharimu wangu, yaani asiye ndugu wa karibu nisiyeweza kuoana naye?

Kwa haja na kwa adabu, ndiyo. Unanunua, unauza, unauliza, unafundisha, unatoa ushahidi. Suratul Ahzab 32 imekataza kulegeza sauti kwa namna ya kumtamanisha mwenye maradhi moyoni, na hapohapo ikasema semeni maneno mema, yaliyo sawa. Haikusema nyamazeni.

Kama unataka mfano soma Suratul Qasas kuanzia aya ya 23. Musa amefika kisima cha Madyan, mgeni, amechoka, ana njaa, anaona wachunga wananywesha na pembeni wanawake wawili wanazuia wanyama wao. Anawauliza mna nini? Swali moja. Wanamjibu hatunyweshi mpaka hawa waondoke, na baba yetu ni mzee sana. Jibu moja, limetosheleza. Akawanyweshea, akaenda zake kivulini akaomba dua. Hakuuliza majina, hakusema nisindikizeni. Baadae mmoja akaja anatembea kwa haya, akasema baba anakuita akulipe. Na ni huyohuyo au mwenzake aliyemwambia baba yake muajiri huyu, mwenye nguvu na muaminifu. Kwahiyo mwanamke kaongea, katumwa, katoa ushauri wa kumuajiri mtu, na haya yake iko palepale. Na mwanaume kasaidia bila kudai kitu. Ndo heshima ninayoizungumzia hapa.

Shemeji yangu anaishi nasi, tunataniana sana, mume wangu anasema ni kawaida. Ni kweli?

Kawaida ni kawaida, kwetu utani wa shemeji na shemeji upo miaka na miaka, "mke wangu umenipikia nini leo" na watu wanacheka. Ila hili ni mojawapo ya mambo ambayo mila na dini haziendi pamoja na tuseme tu ukweli. Mtume alipokataza wanaume kuingia walipo wanawake mtu mmoja akauliza, je ndugu wa mume? Akajibu ndugu wa mume ni mauti. Mauti! Na sababu iko wazi, mgeni akiingia majirani wanauliza, shemeji akiingia nani atauliza? Ana ufunguo, anajua kaka yake anarudi saa ngapi, anakukuta na kanga moja unapika.

Sio kwamba kila shemeji ni mbaya, wengi ni watu wa heshima zao na wameshalea watoto wa kaka zao. Ila msikae wawili peke yenu mlango umefungwa, jistiri mbele yake kama mbele ya mwanaume mwengine yeyote, na utani ule wa "mke wangu" upungue. Mume nae ana kazi, asimwache mdogo wake alale sebuleni miezi sita huku yeye anasafiri na gari Tunduma kwenda na kurudi. Amtafutie chumba cha nje au akae kwa mama. Mwanamke peke yake hawezi kulibeba hili, akilisema anaambiwa anawachukia ndugu wa mume.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja uani. Stara itawezekanaje?

Inawezekana na watu wanaiweza, tena wapangaji wana adabu zao ambazo wenye mageti hawazijui. Kanga ikining'inia juu ya mlango wa bafu basi kuna mtu, husukumi. Mwanaume akitoka chumbani kwenda uani anakohoa au anaburuza kandambili mtu asikie. Huchungulii chumba cha mtu pazia likipeperuka. Wanawake wakiwa wanafua uani na nguo zimepanda magotini mwanaume anapiga hodi kwanza ingawa uani ni pa wote.

Hiyo hodi ni Suratun Nur tena, aya ya 27, msiingie nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na mtoe salamu. Mara tatu, usipoitikiwa rudi, usikasirike. Mtu mmoja aliwahi kumchungulia Mtume kwenye tundu la mlango, Mtume alikuwa na kichanuo cha chuma anajikunia kichwa, akamwambia ningejua unachungulia ningekuchoma nacho jichoni, ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Ipo kwa Bukhari. Sasa hodi ya kupiga huku umeshaingiza kichwa ndani ni hodi gani? Simama pembeni ya mlango, sio mbele yake.

Na watoto pia, aya ya 58, wafundishwe kubisha hodi nyakati tatu, kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika na baada ya isha. Kama mna chumba kimoja wekeni pazia, mnajua wenyewe.

Kuchati usiku na mtu ambaye sio mke wala mume ni faragha, yaani kule kukaa wawili peke yao kulikokatazwa?

Masheikh wa zamani hawakuwa na simu kwahiyo usitafute neno kwa neno. Wa sasa wengi wanaitazama kwa maana yake, wawili peke yao, hakuna wa tatu, saa sita usiku, meseji zinafutwa asubuhi. Mi nauliza swali moja tu, hiyo chati unaweza kumpa mkeo au babako asome? Kama huwezi ushapata jibu.

Meseji ya kazi ni ya kazi. "Ripoti ipo tayari" sawa. "Ripoti ipo tayari, mbona leo ulikuwa umependeza hivyo" hiyo imeshatoka kwenye ripoti. Na nyie wanaume mnaoingia kwenye inbox za kina dada kwa kisingizio cha nasaha, "dada mtandio wako kwenye ile picha umeonyesha nywele nimekuombea dua", jamani! Uliziona vipi hizo nywele? Umezuumu? Inamisha macho, pita.

Nataka kuoa, nimuone vipi binti bila kuvunja stara?

Kumuona ni sunna, wala hakuna aibu. Mughira bin Shu'ba alipoposa aliambiwa na Mtume nenda kamwangalie, itasaidia mapenzi yenu yadumu. Unaenda kwao, mshenga ameshapeleka salamu, mnakaa sebuleni na kaka au mjomba yupo, unamuuliza unayotaka kuuliza na yeye akuulize. Naye anaangalia! Sio we tu. Binti ana haki ya kusema huyu simtaki, na ridhaa yake inatafutwa kabla ya nikaha.

Kutoka wawili kwenda kula aiskrimu na mdogo wake wa miaka minne ndo awe mlinzi, hapo mnajifurahisha wenyewe.

Ofisini bosi wa jinsia nyengine kaninyooshea mkono tusalimiane. Nifanyeje?

Bi Aisha, mke wa Mtume, kasimulia kwamba mkono wa Mtume haukugusa mkono wa mwanamke asiye maharimu hata kwenye kiapo cha utii, aliwachukulia kwa maneno. Wengi wameshika hapo na kukataza. Wapo waliolegeza kwa bibi mzee sana asiye na fikra hizo. Ukitaka kukataa kwa adabu weka mkono kifuani, inama kidogo, tabasamu, "samahani bosi, dini yangu, nafurahi kukuona". Huku Afrika Mashariki watu wameshazoea, sijaona aliyefukuzwa kazi kwa hilo. Usimuachie mtu mkono unaelea hewani huku umenuna, hiyo nayo sio dini.

Hospitali, kama kuna daktari wa jinsia yako mchague, kama hakuna tibiwa, dharura ina hukumu yake. Una haki ya kuomba nesi wa kike awepo chumbani.

Nikabu ni lazima?

Wametofautiana toka zamani, kuna waliosema uso ni wa kufunikwa na kuna waliosema uso na viganja sio uchi. Anayevaa aheshimiwe, asiyevaa asibezwe. Ugomvi wa hili kwenye magurupu mi natoka.

Baibui si nguo ya Waarabu tu? Bibi zetu walivaa kanga

Bibi zetu walivaa vyote. Na hapa kuna historia ambayo haisemwi sana. Enzi za utumwa pwani kujifunika hakukuwa kwa kila mwanamke. Lamu mabibi wa nyumba kubwa walitembea ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa juu ya vijiti, na waliolishika ni watumwa wao wa kike. Mabibi hawaonekani, waliobeba wanaonekana na kila mtu. Mjakazi alijifunga kaniki au merikani, mabega wazi, kichwa wazi, maana stara ilihesabiwa ni mali ya waungwana. Utumwa ukaja kufutwa kisheria Unguja 1897 na pwani ya Kenya 1907, na waliokuwa watumwa wakaanza kuvaa kanga za rangi na kadri miaka ilivyokwenda wakavaa mabuibui kama waliokuwa mabibi zao. Kwao lile vazi lilikuwa linasema mimi nami ni mtu, nami nina heshima yangu, usiniangalie unavyotaka.

Kwahiyo mtu akikwambia baibui ni kufungwa tu, mwambie kuna waliolipigania. Na mtu akimdharau mwanamke kwa sababu hana baibui la bei, la Dubai lenye mawe, mwambie anarudisha mambo ya shiraa. Kanga mbili na ushungi ni stara kamili, muhimu mwili umefunikwa na hauonyeshi.

Haya si inamfanya mwanamke aogope kusema?

Hiyo sio haya, ni woga na tumeulea wenyewe. Ummu Sulaim, sahaba wa kike, alimwendea Mtume akasema Mwenyezi Mungu haoni haya kwenye haki, je mwanamke akiota usingizini anaoga? Akajibiwa, ndiyo, akiona maji. Na Bi Aisha akawasifu wanawake wa Kiansari, wenyeji wa Madina, kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Aisha mwenyewe kapokea hadithi zaidi ya elfu mbili, masahaba wanaume walikuwa wanakwenda kumuuliza, anawajibu nyuma ya pazia, na akiona mtu kakosea anamsahihisha.

Kwahiyo binti anayesumbuliwa na mwalimu, na ustadhi pia, ndiyo wapo, akisema asiambiwe "nyamaza utatuaibisha". Aibu ni ya aliyefanya. Mpelekeni polisi dawati la jinsia, sio kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza kimyakimya.

Majirani zangu sio Waislamu, nifanyeje?

Macho yako yanainama kwa wote. Na wao wana aina zao za heshima, shikamoo ya bibi Mkristo haina tofauti. Tofauti zinatokea zaidi mashuleni, Kenya kesi ya hijabu ya wasichana wa Isiolo iliruhusiwa na Mahakama ya Rufani 2016 kisha Mahakama ya Juu ikaitengua Januari 2019. Michezoni mambo yamelegea, FIFA waliruhusu hijabu 2014.

Harusini kwa wanawake tulikuwa tumevua mabaibui, mtu karekodi na video inazunguka. Tufanyeje?

Hili linaniuma sana maana linatokea kila msimu wa harusi. Ukumbi ni wa wanawake watupu, wameacha nywele wazi, wamevaa wanavyotaka, wanacheza, na wana haki hiyo. Alafu mmoja anaweka stetasi "harusi ya besti", saa mbili baadae video iko kwenye gurupu la wanaume wa mtaa. Ndo maana Mombasa na Unguja kuna harusi simu zinabaki mlangoni, na mi naunga mkono, wekeni mtu mkali pale mlangoni, shangazi asiyeona haya kupekua pochi.

Ikishatoka, mpigie aliyeweka aifute sasa hivi, sio kesho, na aombe msamaha kwa kila aliyeonekana. Gurupu ilipofika, admini aifute kwa wote. Hifadhi skrinshoti ya namba iliyosambaza kama mnataka kwenda polisi.

Na we mwanaume uliyefikiwa na video: usifungue. Ukishafungua usirudie. Usiitume hata kwa nia ya "oneni dada zetu wanavyofanya", hiyo ndo njia inayosambaza kuliko zote. Hadithi ya Muslim inasema anayemstiri Muislamu Mwenyezi Mungu atamstiri duniani na akhera, na hapo simu iko mkononi mwako na kitufe cha kufuta kiko palepale. Ukimjua mwenye video mwambie mkeo au dada yako ampigie, usimpigie we kumwambia umemuona.